Gari la turbo likikosa sailensi, lipimwe kabla ya kununuliwa spea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nitoe maoni yanayotofautiana na ushauri uliotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya magari. Msomaji mmoja mwenye Subaru Forester ya turbo, toleo la miaka ya mwanzo ya 2000, alieleza kwamba gari lake limekosa sailensi, yaani mzunguko tulivu wa injini gari likiwa limesimama: hutetemeka likisimama kwenye taa za barabarani, mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, na akiondoka gari huwa zito hadi lifike mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika ndipo linapochangamka. Alijibiwa abadilishe plagi, aoshe nozeli zinazomwaga petroli, na hali ikiendelea atafute turbo nyingine au injini nzima ya mtumba kutoka Japani. Mimi ni fundi wa magari hapa Arusha, na magari ya namna hiyo huja gerejini kwangu mara kwa mara, mengine yakiwa yamekwisha kubadilishiwa karibu kila kilichotajwa katika jibu hilo na bado yanatetemeka. Sipingi kwamba plagi huchoka na nozeli huziba. Ninachopinga ni utaratibu: ushauri ulianza na kununua, ukaendelea na kununua, ukamalizia na kununua kitu cha gharama kuliko vyote, na hapo katikati hakikupimwa chochote.

Injini inayozungumziwa ni ya familia ya EJ20, yenye silinda nne zilizolazwa mbili kila upande, ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 na turbo moja, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa. Kompyuta ya injini hii huihesabu hewa kabla ya kumwaga petroli. Jirani kabisa na eakilina, yaani kichujio cha hewa, kuna sensa, ambayo mafundi wengi tunaiita eafulo, yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza waya huo, na umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake ndio unaoieleza kompyuta ni gramu ngapi za hewa zimeingia. Kutoka hapo hewa hupita katika mpira mkubwa wa kuingilia turbo, turbo yenyewe, intakula iliyokaa juu ya injini na kuipoza hewa hiyo, throtobodi yenye mlango unaofunguliwa na pedali ya mafuta na hatimaye manifodi inayoigawa hewa kwa silinda, na katika safari hiyo yote kuna maungio ya mpira, gasketi, klipu na vipaipu vyembamba vya vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifodi) ambavyo katika gari la umri wa miaka 20 vimepikwa na joto hadi vikawa vikavu na kupasuka. Hewa yoyote inayopenya baada ya sensa haimo kwenye hesabu. Kompyuta inakuwa kama mpishi aliyepimiwa mchele mlangoni huku mwingine ukimiminwa chunguni kupitia dirishani: maji aliyoweka yanatosha mchele aliouona, na wali unatoka mbichi.

Jambo hili hujitokeza zaidi gari likiwa limesimama, na sababu yake ni ya kihesabu tu. Injini ya lita mbili ikiwa kwenye sailensi hunywa hewa kidogo sana, kiasi cha gramu 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa hiyo kijitundu kisichozidi unene wa njiti ya kiberiti kinaweza kuleta sehemu kubwa ya hewa yote inayoingia, na mchanganyiko ukawa na petroli pungufu hadi silinda moja moja ikaanza kukosa kuwaka. Barabarani, injini ikinywa hewa mara kumi zaidi, tundu lile lile halina maana tena na dereva anaona gari limepona. Kisha turbo ikipandisha mgandamizo, mambo yanageuka kabisa: tundu lililoko kwenye manifodi, ambalo wakati wa sailensi lilikuwa likinyonya, sasa linapuliza hewa nje, hewa hiyo ilikwisha kuhesabiwa na kumwagiwa petroli yake, hivyo gari linatoa moshi mweusi na kuchoma mafuta kuliko kawaida. Kasoro moja inazaa dalili mbili zinazopingana, na nimewaona mafundi wazoefu wakigawanyika juu ya gari moja, huyu akisema lina petroli nyingi na yule akisema lina petroli kidogo, ilhali wote wawili walikuwa sahihi kwa wakati tofauti.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa gari la namna hii linapaswa kuwa hewa inapita wapi, na swali hilo lina majibu yasiyohitaji mashine za bei kubwa. Yupo fundi anayepulizia dawa ya kusafishia kabureta juu ya mipira injini ikiwa inawaka, akisikiliza mlio ubadilike. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni njia ambayo mimi siruhusu gerejini, kwa kuwa turbo na ekzosi yake huwa na joto la kutosha kuiwasha dawa hiyo, na sioni sababu ya kuhatarisha gari na uso wa kijana wa watu kwa kutafuta ufa wa mpira. Bora kulizima gari, kuuchomoa mpira wa kuingilia turbo pale unapokutana na sensa, kuuziba kwa kifuniko cha bomba la plastiki kilichotobolewa na kuwekwa vali ya tairi, kisha kuuingizia upepo wa kompresa ile ile ya fundi pancha. Upepo usizidi paundi 10 hadi 15 kwa inchi ya mraba, maana ukizidisha utazing'oa sili ambazo zilikuwa nzima, na kipaipu cha kupumulia cha injini kibanwe kwanza, la sivyo upepo wote utaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na utadhani gari zima ni kichungio. Baada ya hapo ni maji ya sabuni na masikio. Mara nyingi hewa husikika ikilia chini ya manifodi, mahali ambapo macho hayafiki, au pale intakula inapoungana na throtobodi, au kwenye ule mpira mkubwa wa turbo ambao hupasuka upande wa chini ukabaki unaonekana mzima kwa juu.

Kuna mianya miwili ambayo watu hawaifikirii kabisa kwa sababu haionekani kuhusika na hewa. Mmoja ni mfuniko wa oili na kijiti cha kupimia oili. Ndani ya injini, chini ya pistoni, kuna njia inayorudisha mvuke kwenye manifodi kupitia vali ndogo ya kupumulia, kwa hiyo ringi ya mpira ya kijiti cha oili ikikatika, injini inavuta hewa isiyohesabiwa kupitia huko. Ukiulegeza mfuniko wa oili gari likiwa kwenye sailensi, mizunguko inapaswa kubadilika. Isipobadilika hata kidogo, ama hewa ilikuwa ikiingia tayari kwingine ama njia ya kupumulia imeziba. Mwanya wa pili ni hiyo vali yenyewe, ambayo katika gari la turbo ina kazi ya ziada ya kujifunga wakati wa mgandamizo ili upepo wa turbo usishuke kwenye sampu. Vali iliyotolewa kwenye gari lisilo na turbo, hata kama inaingia vizuri kwenye uzi wake, si vali hiyo.

Nieleze pia namna ya kusoma namba, kwa sababu siku hizi kila gereji ina kifaa cha kuchomeka kwenye gari na kuonyesha kwenye simu, ila wengi hukitumia kusoma msimbo wa kosa na kuufuta tu. Msimbo P0171 unasema mchanganyiko una petroli pungufu. Hausemi kwamba sensa ya oksijeni, inayopima moshi kwenye ekzosi, ni mbovu, ingawa ndicho kitu cha kwanza kinachonunuliwa baada ya kuuona. Kuna ukurasa mwingine katika kifaa hicho hicho unaoonyesha marekebisho ya mafuta, yaani petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, kwa asilimia. Jumla yake ikibaki ndani ya asilimia 10 juu au chini, kompyuta haina malalamiko makubwa. Ikiwa marekebisho ni asilimia 20 au 25 juu kwenye sailensi, lakini ukishikilia mizunguko 2,500 yanashuka kuelekea sifuri, hewa inapenya baada ya sensa na unaweza kuacha kutafuta kwingine. Ikiwa yako juu pote, na yanazidi kupanda kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, basi tafuta upande wa pampu ya petroli, filta yake au sensa ya hewa iliyochafuka. Ekzosi iliyopasuka kabla ya sensa ya oksijeni nayo hudanganya kwa kuvuta hewa ya nje, na kompyuta ikaongeza petroli isiyohitajika. Ufa huo ukiwa kabla ya turbo, huiba pia moshi uliokuwa uizungushe, na hapo gari linakuwa zito kwenye mizunguko ya chini kwa sababu ambayo haitaonekana kwenye simu ya mtu yeyote.

Magari ya miaka ya 1990 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mara nyingi hayaelewani na vifaa hivi vya bei nafuu, na wenye magari huambiwa kwamba kompyuta imekufa. Subaru za wakati ule zina vichomeo vidogo chini ya dashibodi ambavyo vikiunganishwa, taa ya injini hukonyeza misimbo kwa kuhesabu mwako mrefu na mfupi. Ni kazi ya kalamu na karatasi, haihitaji kompyuta ya mtu.

Jambo ambalo ushauri wa safu yenu haukuligusa kabisa, na ambalo kwa wakazi wa nyanda za juu ndilo chanzo cha makosa mengi, ni kimo cha mahali. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Fundi aliyejifunza kwa vitabu atachomeka geji ya vakyumu kwenye manifodi akitarajia mshale utulie kati ya inchi 18 na 21 za zebaki, nao ni usomaji mzuri kabisa kwa gari lililoko Kariakoo, Dar es Salaam. Hapa kwetu gari hilo hilo, likiwa zima, litasoma inchi 14 hadi 16, kwa kuwa usomaji hupungua kiasi cha inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Nimeshuhudia injini ikifunguliwa vali kwa sababu ya usomaji wa inchi 15 ambao haukuwa na tatizo lolote. Cha kutazama zaidi ni utulivu wa mshale: ukitulia chini kidogo kuliko unavyotegemea, huenda ni kimo au muda wa kuwasha cheche, ukidunda kwa mpigo ule ule kila mara, kuna silinda moja yenye vali isiyofunga, ukiyumba taratibu, rudi kwenye mchanganyiko na uvujaji.

Kimo hicho pia kinaeleza sehemu ya uzito ambao msomaji wenu aliulalamikia. Injini ya turbo hutengenezwa ikiwa na mbano mdogo wa silinda, karibu 8 au 9 kwa 1, ili isipige kelele za mwako wa mapema turbo inapoleta upepo. Kabla turbo haijachangamka, basi, mwenye gari anaendesha injini ya lita mbili yenye mbano hafifu, ikivuta gari zito lenye magurudumu manne yanayosukuma, katika hewa iliyopungua kwa asilimia 15. Uzito huo ni wa asili na hauna spea yake. Njia ya kuutenganisha na ugonjwa ni kuuliza swali jepesi: je, gari lilikuwa hivi tangu uliponunua, au limebadilika? Likibadilika, na hewa haivuji, kabla ya kuilaumu turbo pima ekzosi. Masega ya gari kuukuu (yale ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi) yakiyeyuka au kuvunjika hujibana, na turbo haiwezi kuzunguka ikiwa moshi unaotoka upande wa pili hauna pa kwenda. Unaweza kufungua sensa ya oksijeni na kuweka geji mahali pake. Mgandamizo ukiwa mkubwa kwenye sailensi, umepata jibu. Ninasema pima kwa sababu hapa mjini imekuwa desturi kuyatoa masega kwa gari lolote linaloonekana zito, na kazi hiyo ikifanywa kwa gari ambalo masega yake yalikuwa wazi, mwenye gari analipia kelele na harufu.

Nakuja kwenye thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza injini hadi yapate moto, na hapa naomba wasomaji wenye magari ya aina zote wanisikilize, si wenye turbo peke yao. Gari likichemsha mara moja, fundi huitoa thamostati na kuitupa, akimwambia mteja kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Katika injini za EJ thamostati huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80 za Selsiasi, na kazi yake ni kuiwezesha injini kufikia joto lake na kubaki hapo. Ikitolewa, maji yanazunguka muda wote, na katika baridi ya Arusha ya Juni na Julai, hasa usiku au kwenye mteremko mrefu, injini inaweza kutembea kwa nyuzi 60 hivi bila dereva kujua, maana mshale wa dashibodi hauna namba. Kompyuta inasoma kwamba injini bado ni ya baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama ya asubuhi, na huchelewa au hushindwa kuisikiliza sensa ya oksijeni ipasavyo. Plagi zinakuwa nyeusi, sailensi inachafuka, mafuta yanaisha, oili inachanganyika na petroli. Mteja anarudi, anabadilishiwa plagi. Zinakaa vizuri wiki chache, zinakuwa nyeusi tena. Kuchemsha kulikokuwa chanzo cha yote hayo, ambako mara nyingi hutokana na rejeta iliyoziba kwa kutumia maji ya bomba au na hed gasketi inayoanza kupitisha, kunabaki pale pale.

Sensa ya joto la maji nayo huweza kuleta ugonjwa huo huo hata thamostati ikiwepo, na kuijaribu hakugharimu chochote. Gari likilala usiku kucha, asubuhi fungua swichi bila kuwasha injini, kisha soma kwenye simu joto la maji na joto la hewa inayoingia. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana, kwa sababu chuma, maji na hewa vyote vimelala mahali pamoja. Zikipishana kwa nyuzi 15 au 20, sensa moja inasema uongo.

Vijana wanaopenda Subaru hawatafurahia aya hii. Ile vali inayoachia upepo wa turbo dereva anapoinua mguu kwenye pedali, kiwandani iliunganishwa ili upepo huo urudi ndani ya mfumo, kabla ya turbo. Wengi wameiondoa na kuweka inayoachia upepo nje, kwa sababu ya ule mlio wa kupiga chafya unaosikika mitaani. Hewa inayotoka kwa mlio ilikwisha kuhesabiwa na sensa; petroli yake inamwagwa, hewa yake haipo. Ndiyo maana magari hayo hutapatapa au kuzima kabisa yanapokaribia kusimama. Mteja wa namna hiyo ninamwambia wazi kwamba gari lake halina kasoro nyingine, na achague kati ya mlio na sailensi. Wengi huchagua mlio, na ni haki yao.

Mambo haya, hata hivyo, hayafanani kwa kila gari la turbo. Toyota Mark II na Chaser zenye injini ya 1JZ-GTE hazina eafulo. Kompyuta yake husoma mgandamizo ulioko ndani ya manifodi na kukadiria hewa kutokana na hapo. Manifodi ikivuja, mgandamizo unapanda, kompyuta inadhani dereva amekanyaga kidogo na kuongeza petroli, hivyo badala ya kutetemeka na kutaka kuzima, gari mara nyingi hukaa sailensi ya juu. Fundi anayekariri dalili za Subaru atapotea kwenye Toyota, na anayekariri za Toyota atapotea kwenye Subaru. Kabla ya kushika spana, ni vizuri kujua gari lililo mbele yako linaihesabu hewa kwa njia gani.

Kuhusu plagi, ambazo safu yenu ilizitanguliza, na koili zinazozipa umeme, nina machache. Nafasi kati ya ncha za plagi za injini hii ni karibu milimita 0.7 hadi 0.8, na ikizidi, cheche hushindwa kuruka turbo inapobana hewa. Plagi bandia zimejaa sokoni katika maboksi mazuri, kwa hiyo kubadilisha plagi si hakika kwamba umeboresha kitu. Koili hujaribiwa kwa kuhamisha: kama msimbo ni P0301 (silinda ya kwanza haiwaki vizuri), peleka koili ya silinda ya kwanza kwenye ya tatu, ambayo iko upande ule ule, msimbo ukigeuka kuwa P0303, nunua koili moja, wala si nne. Na anayetaka kujua silinda ipi haifanyi kazi achomoe waya wa nozeli moja moja injini ikiwa sailensi, badala ya kuchomoa koili, maana ukikata cheche na petroli ikaendelea kumwagwa, petroli hiyo inakwenda kuwaka kwenye ekzosi yenye joto, karibu na turbo unayoiogopea. Throtobodi yenye masizi isafishwe, ni kazi ya nusu saa. Kama kuna aliyefunga taimingi beliti (mkanda unaoendesha vali) hivi karibuni na ugonjwa ulianza siku hiyo, pa kuanzia panajulikana.

Lawama ya mafuta yaliyochakachuliwa nayo ninaisikia kila wiki. Ilikuwa na mashiko makubwa zamani, kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba (alama za utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010, na sisemi kwamba uchakachuaji umekwisha. Lakini mafuta mabaya huliathiri gari tangu siku uliyojaza hadi tangi liishe. Hayachagui kulitetemesha kwenye taa na kuliacha litulie kwenye barabara ya kwenda Moshi kwa miezi sita mfululizo.

Injini ya mtumba, ambayo ndiyo ilikuwa hatua ya mwisho ya ushauri ule, isizungumzwe kabisa kabla ya kupima mbano wa silinda zote nne, injini ikiwa na moto wake, pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa hadi chini na betri ikiwa imejaa. Namba za Arusha zitakuwa chini kuliko za kitabu kwa sababu ile ile ya kimo, kwa hiyo zisilinganishwe na kitabu bali zenyewe kwa zenyewe. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 au 15, kuna la kufuatilia. Silinda iliyo chini imwagiwe oili kijiko kimoja na kupimwa tena: mbano ukipanda, ni ringi, usipopanda, ni vali au gasketi. Na hata ikithibitika kwamba ni vali, bado si lazima kununua injini, kwa kuwa vali za injini hizi hurekebishwa nafasi zake, kazi ambayo wachache huipenda kwa sababu ni ndefu na ya uvumilivu. Injini ya mtumba huja na mipira yake iliyozeeka na gasketi zake zilizokauka. Nimepokea gari lililobadilishiwa injini likitetemeka kwa mpira ule ule wa kuingilia turbo, uliohamishwa kutoka injini ya zamani kwenda mpya bila kutazamwa.

Najua kwa nini mafundi wenzangu huanza na spea. Mteja wa hapa kwetu yuko tayari kulipa laki kadhaa kwa kitu anachoweza kukishika mkononi, lakini akiambiwa alipe elfu arobaini kwa saa mbili za kupima, huuliza analipia nini wakati hakuna kilichofungwa. Kwa hali hiyo fundi anayepima bila malipo anajipa hasara, na anayekisia anapata faida kwenye spea hata akikosea. Utaratibu huu hautabadilika kwa kuwalaumu mafundi peke yao. Gerejini kwangu kupima kuna bei yake, na mteja huondoka na karatasi yenye namba: vakyumu ya sailensi, marekebisho ya mafuta kwenye sailensi na kwenye mizunguko 2,500, joto la maji, mbano wa kila silinda kama ulipimwa, na mahali upepo ulipovuja. Akitaka kutengenezea kwingine, karatasi ni yake. Wapo walionung'unika mwanzoni, na wapo waliokwenda na karatasi hiyo kwa fundi mwingine wa bei nafuu wakatengenezewa vizuri, jambo ambalo halinisumbui.

Ningependa kuona vyuo vya ufundi vya VETA vikiwapa wanafunzi wa ufundi wa magari mtihani wa kuandika karatasi kama hiyo, kwa gari lililoharibiwa makusudi na mwalimu, kabla hawajaruhusiwa kugusa spana. Na kwa safu yenu ya magari, ambayo inasomwa na watu wengi kuliko watakaowahi kufika gerejini kwangu, ninaomba kwamba swali linalofuata kuhusu gari linalotetemeka lijibiwe kwa kumuuliza mwenye gari kwanza: marekebisho ya mafuta yanasoma ngapi kwenye sailensi, thamostati ipo, na gari liko mkoa gani.

Wako,
Fundi wa magari,
Arusha